Mchu wa Mlangoni

Kengeja, Pemba
11 Februari 2024

Mwanangu Nadhira,

Kabla hujaisoma barua hii kaa kitako, maana unaandikiwa na mtu ambaye lau si yeye, hivi sasa bahari ingekuwa inapiga hodi Chake Chake. Sijisifu. Nasema lililopo.

Sisi huku wazima. Mama'ko Moza mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Mbuzi wangu kazaa mapacha, madume wote wawili, watu wanatoka Wambaa kuja kuwaangalia. Goti langu la kulia linaniuma ikikaribia mvua, na halijakosea hata siku moja, bora kuliko wale wa hali ya hewa wa kwenye redio. Najua huko delta ya Rufiji simu haishiki, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono wangu. Mtu kasomeshwa mpaka chuo kikuu, kisha anapelekwa matopeni kuhesabu miti! Kwani itakimbia?

Sasa la maana. Unapajua Mlangoni, pale mkono wa bahari unapoingilia bonde letu la mpunga. Maji ya chumvi yamezidi. Katika majaluba matano ya mama'ko, vile vipande vyake vya mpunga, mawili ya chini hayatoi kitu tena ila chumvi, nyeupe juu ya udongo kama unga uliomwagika. La tatu majani yameanza kuungua ncha. Yamebaki mawili mazima, na yeye hana pengine pa kulima.

Basi wamekuja watu wa mradi. Mkubwa wao kijana anaitwa Fahmi, kavaa fulana ya kijani na viatu vya kupandia milima. Kengeja hakuna mlima. Katukusanya skuli, katwambia kuna kitu kinaitwa suluhisho zitokanazo na asili. Maana yake hatujengi ukuta, tunapanda mikoko, mikoko ndiyo itazuia bahari. Kisha akasema, "Sisi hatukuja kuwafundisha. Tunatafuta maarifa ya wenyeji. Nani hapa anaijua pwani?"

Nikasimama mimi.

Nikamwambia, bwana mdogo, babu yangu mzaa baba alipanda mikoko kutoka hapa mpaka Wambaa kwa siku moja ya Alkhamisi, na adhuhuri ilimkuta keshaoga. Nikamwambia vipi nlivyokuwa utingo miaka ishirini na mbili katika gari za abiria, na mwaka ule wa maji makubwa gari likazama matopeni na watu thelathini, na majogoo yao, na mimi nikalinyanyua kwa bega nyuma huku nasoma majani ya miti ili nijue maji yatarudi saa ngapi. Fahmi akatoa simu akanirikodi. Akasema, "Mzee Haroub, wewe ni hazina." Neno lake hilo, si langu.

Mama'ko, unamjua, akacheka mbele za watu. "Haroub! Toka lini wewe na pwani? Wewe pwani ulikuwa ukenda kuosha gari!" Fahmi kamwambia kwa adabu, "Bi mkubwa, na wewe tutakusikiliza baadaye." Basi mama'ko akenda zake kuwapikia wageni, maana Bwana Sheha alisema wageni wasitoke na njaa. Pweza aliyempika, haki ya Mungu nisimdhulumu, alikuwa mzuri.

Nimechaguliwa msimamizi mkuu wa upandaji. Mwambie profesa wako.

Na hebu nikujaribu nione kama hiyo ada haikupotea: nyinyi wa vyuoni hiyo mikoko mnaipandaje? Mimi najua. Nataka nione kama na wewe unajua.

Mjomba wako,
Haroub

*

Delta ya Rufiji
3 Machi 2024

Mjomba Haroub,

Shikamoo, na pole kwa goti. Barua yako imepanda meli, imepanda basi, imekaa siku nne dukani Kibiti, kisha imeletwa hapa na mashua ya wauza kamba. Mimi mzima. Matope yananifika kiunoni kila siku na ngozi imekuwa ya kobe. Miti haikimbii, mjomba, ila wenye mashoka wanakimbia nayo, ndiyo sababu tunaihesabu. Hongera kwa mapacha.

Nakujibu jaribio lako, na nakuomba usome ukurasa huu mara mbili.

Watu wa mradi wakiandika "mikoko" wanakusudia miti yote inayokaa maji ya chumvi. Wametumia neno la vitabuni. Sisi Kengeja hatusemi hivyo. Kwetu mkoko ni mkoko, mti mmoja, ule wenye mizizi ya juu kama miguu ya buibui na mbegu ndefu zinazoning'inia. Mwengine ni mchu, mwengine mkandaa, mwengine muia, na kila mmoja ana mahali pake. Mkoko unataka tope laini na maji kila siku. Mlangoni pana mchanga mgumu na maji hayafiki ila wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita siku zote. Ukipanda mkoko pale utakufa wote. Pale ni pa mchu.

Na hili si la chuoni. Kanifundisha mama, nikiwa na miaka saba, tukifuata chaza. Yeye anaujua kila mti wa pwani ile. Fahmi hakumsikiliza. Wewe msikilize.

Swali moja tu. Nilipoondoka miaka minne iliyopita, pale Mlangoni palikuwa na safu ya michu mikubwa, mama alikuwa akianika kanga juu yake. Ilikwenda wapi? Nimemuuliza mama kwa barua, kanijibu habari za kuku.

Msianze kupanda mpaka mmekaa na mama. Tafadhali.

Mpwa wako,
Nadhira

*

Kengeja
21 Aprili 2024

Mwanangu Nadhira,

Idi imepita salama, tumekula, tumesali, tumetembeleana. Nguo yangu ya Idi ilisifiwa mpaka nikaona haya, na unajua mimi kuona haya si kawaida. Pacha mmoja wa mbuzi kafa, na daktari wa mifugo ameshindwa kusema sababu. Mimi nnaijua, ni jicho la watu wa Wambaa.

Barua yako nimeipata. Siku gani sikumbuki. Ilikuwa Ramadhani, na Ramadhani mtu hahesabu siku. Halafu ukurasa mmoja ulikuwa umerowa.

Tumepanda! Laiti ungekuwepo. Mikoko elfu tatu, siku moja. Alikuja mgeni rasmi, jina limenitoka ila gari yake haikuwa na vumbi hata kidogo. Lilifungwa turubai, yakaletwa maji ya chupa na fulana. Mimi nilivaa ya saizi ndogo kwa sababu kubwa zilichukuliwa na watu wasiojulikana wamefanya nini. Nikahutubia. Nikasema, enyi bahari, leo mmempata baba yenu. Watu wakapiga makofi, mgeni rasmi akaangalia saa yake kwa furaha.

Mbegu nilizisimamia mimi. Nilipeleka watu kwenye ghuba ya chini, nikawaonyesha kwa kidole: zile ndefu, zinazoning'inia kama vipuli vya maharusi. Nani asiyezijua? Tukazijaza pakacha ishirini. Mama'ko akanifuata mpaka njiani. "Haroub, huo ni mkoko. Mlangoni hauoti mkoko." Nikamwambia, "Moza, karatasi imeandika nini?" Akasema, "Karatasi haijapata kulima." Nikamsomea mbele ya watu, herufi kwa herufi: m-i-k-o-k-o. Mkoko mmoja, mikoko mingi. Nlisoma mpaka darasa la sita, si mtu wa kubabaishwa na umoja na wingi. Karatasi haikuandika mchu. Haikuandika mkandaa. Fahmi mwenyewe akasema, "Tumwachie Mzee Haroub, ndiye mwenye maarifa ya wenyeji." Imekwisha hiyo.

Mama'ko akaondoka. Bi Khairiya na wale wanawake wenzake kiasi cha kumi wakaondoka naye, wakenda kukaa juu ya tuta la bonde na kutuangalia kama watu wanaoangalia mpira wa watoto. Kila nikipita na mti wangu wa kupimia nasikia kicheko. Basi na wacheke.

Kuhusu huo mchu wako: ule ni mti wa kuni tu. Na hiyo habari ya safu ya michu sijui nani kakutia kichwani. Miti huja na kwenda.

Bamvua ilipiga siku chache baada ya kupanda. Kidogo tu.

Mjomba wako na msimamizi mkuu,
Haroub

*

Kibiti
2 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimetoka matopeni siku mbili kununua chumvi na betri, na hapa simu inashika, kwa hiyo nimezungumza na mama. Wewe nimekupigia, ikapokewa, nikasikia mbuzi, ikakatwa.

Mjomba, Ramadhani ndiyo mwezi pekee ambao Pemba nzima inahesabu siku, mpaka watoto wachanga. Barua yangu ilifika tarehe kumi na nane ya kufunga. Mama kaniambia, kwa sababu aliyeileta aliipitishia kwake kwanza. Na haikuwa imerowa.

Bamvua yako ya "kidogo tu" imeng'oa nusu ya mikoko yako na kuirudisha ghubani ilikotoka. Nusu iliyobaki ina rangi ya manjano. Maji yamepita yakaingia mpaka jaluba la nne, mpunga ukiwa unatunga. Sasa limebaki moja. Moja, mjomba. Mama hakunilalamikia. Aliniambia kwa sauti ile ile ya kuniambia kuku katotoa. Kisha akasema akishavuna hilo la mwisho, halimi tena. "Bahari ishachukua, mwanangu, na mie sina nguvu za kugombana nayo."

Unajua maana yake? Bibi alilima pale. Mimi nimesoma kwa mpunga wa pale. Mama akiliacha bonde hana kitu kingine duniani cha kuamkia asubuhi.

Na wewe unanihadithia fulana.

Nakuuliza mara ya pili, na safari hii usinijibu habari za mbuzi. Michu ya Mlangoni ilikatwa na nani?

Nadhira

*

Kengeja
14 Julai 2024

Mwanangu Nadhira,

Barua yako ilikuwa na moto, nikaiweka juu ya kabati ipoe wiki tatu. Sasa nakujibu.

Habari za nyumbani ni nzuri kwa anayependa uzuri. Kuna muhogo, kuna ndizi, mimi nipo.

Hiyo mikoko imekufa, ndiyo. Lakini ukitaka sababu, mimi ninazo saba. Ya kwanza kaa: wamekuja kaa wakubwa ambao sijawahi kuwaona, mmoja alinifukuza mpaka kwenye tuta, na mashahidi wapo. Ya pili mbuzi, na hapa sitaki kutaja mbuzi wa nani. Ya tatu hao wa mradi wenyewe. Walikuja kupiga picha mara ya pili, Fahmi akaangalia vijiti vimekauka vimesimama kama mswaki, akauliza, "Mzee, aina hii aliichagua nani?" Nikamwambia, "Karatasi yako." Akasema, "Lakini karatasi ilisema mikoko kwa ujumla." Nikamwambia, "Ujumla umekaa ukurasa gani?" Kaandika kitu kwenye kompyuta yake ya mkononi, wakaondoka, hawajarudi. Nasikia sasa wapo Tumbe, huko nako wanatafuta hazina. Vijana wanakuja na bahasha na maneno laini, wakiona mtu mwenye sauti kubwa wanamwita mzee wa maarifa. Sauti kubwa nnayo mimi, kosa langu liko wapi?

Sababu nne zilizobaki nitakwambia tukionana.

Mama'ko kavuna lile jaluba la mwisho. Nilikwenda kumsaidia kubeba. Akaniangalia, akaangalia gunia, akalibeba mwenyewe kichwani. Toka siku hiyo hanisemeshi. Chakula ananiletea, hakukata, lakini sahani inakuja bila kawa la kuifunika. Nadhira, wewe umezaliwa Pemba, unajua sahani kupitishwa njia nzima wazi kama ya paka maana yake nini. Bi Khairiya ndiye mletaji, na anapita njia ndefu, ya msikitini, makusudi. Nzi wanafika kabla yake.

Sasa hilo ulilouliza mara mbili. Nitakujibu mara moja na usiniulize ya tatu.

Nyumba yangu ile nyeupe, ambayo mtu akishuka gari tu anaiona, ina chokaa. Chokaa hutoka kwenye tanuu. Tanuu hula kuni, na si kuni za mchezo, inataka gogo linalokaa na moto. Bwana mmoja anaitwa Safari, mkata miti, akaniambia anazo kuni nzuri. Nikamwambia lete. Akaleta magogo yamekwisha kukatwa na kuchanwa, gari nzima. Sikumuuliza katoa wapi, na yeye hakunambia, tukaheshimiana. Mimi shoka sikushika. Niliona magogo tu. Baada ya tanuu kuzimwa ndipo nikasikia watu wanasema Mlangoni pamekuwa peupe.

Basi. Kuni kidogo tu zile. Nani angejua bahari ilikuwa inazingojea?

Mama'ko anajua toka siku ile. Hajawahi kulitaja hata siku moja, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mjomba wako,
Haroub

*

Delta ya Rufiji
8 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mzima.

Kumbe ndiyo sababu mama alinijibu habari za kuku. Kakufichia miaka minne kwa sababu wewe ni kaka yake, na wewe ukamsomea herufi mbele za watu.

Kaa hawakuua mikoko. Mbuzi hawakuua. Fahmi ana kosa lake, alikuja kutafuta anayeijua pwani na akamtuma jikoni anayeijua. Hilo nitamwambia mwenyewe, anwani yake nimeipata. Lakini Fahmi hakujenga nyumba nyeupe.

Sasa nisikilize. Bado kuna nafasi moja. Mbegu za mchu zimeshapita msimu, lakini chini ya michu iliyobaki kule upande wa mwisho wa ghuba kuna miche imeota yenyewe, ya urefu wa shubiri. Hiyo huchimbuliwa na udongo wake, na udongo huo usikauke mpaka ipandwe. Bamvua kubwa ni ya katikati ya Septemba. Ikipita hiyo mpande mara moja, mtapata miezi ya maji madogo, mizizi ishike kabla ya bamvua za Machi. Nyuma ya miche rekebisheni tuta, si kwa saruji, kwa udongo na majani kama walivyofanya wazee. Mvua ikija itaosha chumvi kwenye majaluba ya juu. Mama akipanda mwezi wa pili, mawili huenda yakarudi. Nasema huenda. Ukichelewa mwaka mmoja tena, mlango utapanuka na hapatakuwa na bonde la kuzungumzia.

Lakini bila mama hakuna litakaloota. Wanawake kumi wale hawaendi popote ila na yeye. Nimemwandikia kwa simu nilipopita Kibiti. Amejibu neno moja: "Aje."

Nenda, mjomba. Kwa miguu yako na kwa mdomo wako. Usivae fulana.

Nadhira

*

Kengeja
1 Septemba 2024

Mwanangu Nadhira,

Huku kuzuri, na sina habari ya mbuzi.

Nimekwenda.

Nilikwenda baada ya alasiri, nimevaa kanzu ya kawaida. Nikamkuta mama'ko kakaa ukumbini anasuka ukili, na Bi Khairiya pembeni yake, na wengine wanne. Nikajua wameitwa. Mtu hawi na wageni watano siku ya Jumatatu bila sababu.

Nikasema, "Moza, nimekuja."

"Naona."

"Nadhira kaniandikia."

"Hata mie kaniandikia."

Nikakohoa. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri sana njiani, ya kuanzia bibi yetu mpaka leo, watu wangelia. Nikaanza, "Unajua Moza, katika maisha yangu nimewahi kunyanyua gari..."

"Haroub."

"Naam."

"Gari lile lilinyanyuliwa na trekta ya skimu ya mpunga. Nlikuwemo ndani. Wewe ulishika mwavuli."

Walicheka wale wanawake, Nadhira, mpaka mmoja akaangusha ukili. Mimi nikacheka pia, ningefanyaje. Kisha kicheko kikaisha, na mama'ko hakuwa anacheka. Akasema, "Kuni zile nlizijua siku ile ile, kwa harufu ya moshi. Nikasema, ni kaka yangu, anajenga, mwache ajenge. Sikukwambia kitu. Nikapoteza jaluba, sikukwambia kitu. La pili, sikukwambia kitu. Sasa nimechoka kunyamaza, na kusema nako nimechoka."

Nikamwambia niwie radhi. Nilisema hivyo hivyo, bila ya kupamba. Sijui kama ulishawahi kunisikia, mimi nilikuwa sijawahi.

Akasema, "Radhi ya mdomo siitaki. Mdomo wako umefanya kazi sana, uache upumzike. Niletee miche mia ya mchu hapa uwanjani, na udongo wake. Uichimbue wewe. Usimtume Safari, usimtume mtu. Mie na Bi Khairiya tutakaa hapa hapa tuiangalie mmoja mmoja. Ikiwa ni mchu, bamvua ikipita tunakwenda Mlangoni sote, na mwezi wa pili ntapanda. Ikiwa ni kitu chengine, bonde nimeliacha, na jembe nakuletea wewe ulitie ukutani kwenye hiyo nyumba yako, wageni walione."

Bi Khairiya akauliza, "Unaujua lakini, Mzee Haroub?"

Nikamwambia, "Bi Khairiya! Mimi? Mimi ninayerikodiwa?"

Na nikaondoka kifua mbele.

Leo asubuhi nimekwenda. Nimechukua jembe dogo na pakacha, nikapita njia ya nyuma ya migomba nisikutane na watu, nikafika mpaka mwisho wa ghuba ulikosema. Miche ipo. Hukusema uongo. Ipo mingi, ya kila namna, imejazana chini ya miti kama watoto wa madrasa wakitolewa. Nikavua viatu nikaingia. Mmoja una jani jembamba, mwengine nene, mwengine linang'aa, mwengine limefifia. Nikachimbua mmoja, nikautazama, nikaurudisha. Nikachimbua mwengine. Nikakaa juu ya mzizi. Maji yakaanza kunijia, nikasogea, yakanifuata. Saa tatu nzima.

Nimerudi na pakacha tupu. Bi Khairiya alikuwepo njiani, kaniuliza, "Vipi?" Nikamwambia goti.

Nadhira, bamvua ni wiki mbili na siku kadhaa. Barua inachukua siku kumi ikibahatika, na kujibu siku kumi nyingine, kwa hiyo hii nampa mtu anayesafiri leo kwa boti, nimemwambia aifikishe Kibiti kwa mkono wake na asubiri jibu, na nimempa yule pacha wa mbuzi aliyebaki ili asubiri. Usiandike salamu. Usiandike habari za matope. Chukua karatasi, uchore jani, mbele na nyuma, uandike rangi ya upande wa chini, uandike likivunjwa linanuka nini, likilambwa lina ladha gani, na shina lake bichi likoje. Chora kubwa. Juu ya bahasha andika kwamba ni dawa ya goti, na iwe imefungwa vizuri.

Hapa siwezi kumuuliza mtu. Elfu tatu nilipanda mkoko kwa sababu mkoko una zile mbegu ndefu, hata mpita njia anaujua. Huo mwengine mimi nimeuona ukiwa kuni, umeshachanwa, hauna hata jani moja.

Mchu siujui.